Mnaotaka kuja Korea kujifunza hanji

Ndugu zangu wasanii, mnauliza kama inafaa kuja Korea Kusini kujifunza hanji, karatasi yao ya jadi, ili mtu ajitambue yeye ni nani. Karatasi mtajifunza. Hilo la pili hakuna karakana inayolifundisha.

Viza ya utamaduni na sanaa, D-1, hairuhusu kazi ya malipo. Njoo na fedha zako za kula na kulala, na Kikorea cha kuombea maji.

Kazi ni ya majira ya baridi. Matawi ya mwaka mmoja ya mti wa dak hupikwa kwa mvuke, huchunwa gome, kisha ganda jeusi hukwanguliwa kwa kisu. Ukilipua kazi hapa, madoa yatabaki kwenye karatasi. Gome jeupe huchemshwa saa kadhaa katika maji ya majivu ya mabua, mpaka likatike kwa vidole. Wenye haraka hutia kostiki soda, ile ya kutengenezea sabuni. Gome hulainika upesi, lakini nyuzi hudhoofika.

Baada ya kuoshwa na kupondwa, nyuzi hutiwa majini pamoja na ute wa mizizi ya hwangchokgyu, mmea ulio ndugu kabisa wa bamia. Bila ute nyuzi huzama na kushikana madonge. Joto huuharibu ute huo, ndiyo maana maji ni ya baridi kali na vidole hufa ganzi.

Chekeche la mianzi huning'inia kwa kamba moja. Chota mbele, mwaga nyuma, kisha yumbisha kushoto na kulia. Nyuzi hupishana, karatasi haichaniki ovyo. Ukisita katikati, inatoka na mabaka. Ncha moja huwa nene, kwa hiyo karatasi mbili hulazwa kichwa kwa mguu ziwe moja. Usisahau uzi kati ya jozi moja na nyingine, la sivyo baada ya kukamuliwa hazibanduki.

Mganda atakumbuka lubugo, nguo ya gome la mutuba iliyotambuliwa na UNESCO mwaka 2005. Ila gome la lubugo hupondwa likatanuka likiwa zima. La hanji huvunjwa nyuzi nyuzi, likaungwa upya majini. Hapo ndipo pa msanii kukaa na kufikiri, na ni bora uje ukiwa umewahi kushika nyundo ya lubugo.

Tena jamaa wa karibu wa dak ameenea kama gugu katika misitu ya Mabira na Budongo, Uganda. Kabla ya kukata tiketi, omba ruhusa, uchune gome lake kilo chache, uzichemshe kwa majivu ya jikoni kwenu.