Maswali yenu: Kwa nini Monopoly inagombanisha ndugu?

Wiki hii nimepokea maswali matatu yanayohusu gemu za ubao. La kwanza ni la Monopoly, ile gemu ya kununua viwanja ubaoni: anaetua kwako anakulipa kodi, ukikamilisha viwanja vya rangi moja kodi inapanda, na anaeishiwa hela anafilisika anatoka. Nimelijibu kwa urefu manake najua halijatokea nyumba moja tu.

*Shikamoo mwalimu. Mimi ni mama wa watoto wawili hapa Uyole. Krismasi iliyopita shemeji yangu, mdogo wake mume wangu, alikuja toka Dar na gemu ya Monopoly, tukala tukamaliza tukakaa sebuleni kucheza, ilikuwa saa mbili usiku. Saa sita hatujamaliza! Mume wangu alifilisika toka saa nne, kakaa tu anatuangalia, na mimi nilikuwa nimemuuzia shemeji kiwanja kimoja akakamilisha rangi yake. Baba watoto kanuna, kalala bila kuniaga, asubuhi ananiambia eti niliungana na mdogo wake kumdhalilisha. Kwa hela za karatasi! Hivi hii gemu ina nini? – Mama Wawili, Uyole*

Marahaba mama. Kwanza naomba usimwone baba watoto kama kafanya utoto, manake kilichompata ndo hasa kile gemu ilichotungiwa. Sikutanii.

Aliyeianzisha ni mwanamke, Mmarekani, anaitwa Elizabeth Magie. Alipata hataza yake, yaani hati ya kulinda ubunifu wake, tarehe 5 Januari 1904 na gemu yenyewe aliiita The Landlord's Game, yaani gemu ya mwenye nyumba. Huyu mama alikuwa mfuasi wa Henry George, mwandishi wa uchumi ambae mwaka 1879 alitoa kitabu akisema thamani ya ardhi inapandishwa na jamii nzima, sio na yule mwenye hati, kwa hiyo mwenye ardhi alipe kodi irudi kwa jamii. Wewe wa Uyole hili huhitaji kuelezwa sana, pale barabara ya Zambia na ya Malawi zinapoachana, mtu ana kaeneo kake alikokuwa analima mahindi, hajaongeza hata tofali, bei imepanda yenyewe kwa sababu ya magari na watu wanaopita. Magie alitaka watu waione hiyo kitu kwa macho yao mezani, waumie nayo, halafu wakaifikirie. Akaweka sheria za aina mbili kabisa: moja utajiri ukitengenezwa wote mnanufaika, nyingine mmoja anakomba kila kitu wengine wanafilisika. Lengo lake ucheze zote mbili ulinganishe.

Sasa kilichobaki duniani ni ile ya kufilisi. Watu walikuwa wanaichora wenyewe kwa mikono, inasambaa toka kwa rafiki kwenda kwa rafiki, kila mji unaweka majina ya mitaa yake, mpaka ikamfikia Charles Darrow wa Philadelphia, hana kazi, kipindi kile uchumi wa Marekani umeanguka. Yeye akaiuza kwa kampuni ya Parker Brothers mwaka 1935, na kwa miaka mingi sana dunia ikaambiwa ni yeye aliyeibuni. Magie alilipwa dola 500 kwa hataza yake, basi, bila asilimia yoyote ya mauzo. Alifariki mwaka 1948. Ukweli ulikuja kutoka miaka ya 1970 pale Ralph Anspach, profesa wa uchumi, alipofikishana mahakamani na wenye Monopoly kwa sababu ya gemu yake aliyoiita Anti-Monopoly, ndo katika kutafuta ushahidi akakutana na jina la huyu mama. Mimi kila nikiisimulia hii stori roho inaniuma, mtu katunga gemu ya kuonyesha namna wengine wanavyochukua jasho la wenzao halafu na yeye akafanyiwa vilevile.

Turudi sebuleni kwako. Kilichomuumiza mumeo naona ni mambo mawili. Moja ni kupoteza kwenyewe. Daniel Kahneman na Amos Tversky, wanasaikolojia wawili, walionyesha mwaka 1979 kwamba binadamu kupoteza kunamuuma zaidi kuliko raha anayoipata akipata kiasi kilekile. Ukiokota elfu kumi pale Mwanjelwa utafurahi ndio, lakini ukiidondosha elfu kumi hulali. Sasa Monopoly inakupa hela mwanzoni, dola 1500 kila mtu, inakuacha ununue uzoee kuitwa mwenye mali, halafu inakunyang'anya polepole, kiwanja kimoja kimoja, mbele ya mdogo wako! Hapo akili haiangalii kama ni karatasi. Pili ni kutolewa. Toka saa nne mpaka saa sita mtu mzima amekaa nyumbani kwake hana cha kufanya ila kuangalia wengine wanahesabu hela. Huo sio mchezo tena, ni adhabu.

Na yule shemeji nae, nina uhakika kufikia saa tano alikuwa anaongea kwa sauti. Paul Piff, mwanasaikolojia aliyekuwa Chuo Kikuu cha California kule Berkeley, aliwachezesha watu Monopoly ya upendeleo wa wazi, wanarusha sarafu, mmoja anapewa hela mara mbili ya mwenzie na dadu mbili wakati mwenzie ana moja. Wale waliopendelewa wakaanza kugonga kete zao mezani kwa nguvu, kujitapa, hata vitafunwa vya chumvi (pretzels) vilivyokuwa pale mezani walikula wao zaidi. Walipoulizwa mwishoni mmeshindaje wakaeleza walivyocheza kwa akili, sarafu hawaikumbuki kabisa. Kwa hiyo mama, usimchukie shemeji pia.

Cha kufanya. Kwanza nawauliza, hivi mlikuwa mnaweka faini na kodi katikati ya ubao halafu anaetua kona ile ya kupaki bure anazoa zote? Nyumba nyingi wanafanya hivyo na haimo kwenye sheria, ndo inayofanya gemu isiishe, manake hela iliyotakiwa kutoka inarudi mezani. Na mtu akikataa kununua kiwanja alichotua, sheria inasema kipigwe mnada palepale, kila mtu atoe bei. Watu wanaruka hiyo. Ukifuata hizo mbili mnamaliza mapema. Ila kama mnaweza kupata gemu nyingine mimi ningewashauri Catan, ya Klaus Teuber, Mjerumani aliyekuwa fundi wa meno ya bandia, aliitoa mwaka 1995. Pale hakuna anaetolewa, mnacheza wote mpaka mmoja afike pointi 10, na dadu ikirushwa na mwenzako na wewe unaweza kupata mavuno, kwa hiyo husinzii. Unabadilishana ngano kwa kondoo kwa matofali, kubembelezana kwingi, kama siku ya gulio vile. Au Pandemic ya mwaka 2008, ya Matt Leacock, hiyo wote mko upande mmoja mnapambana na magonjwa, mkishindwa mmeshindwa wote na hakuna wa kumnunia.

Na baba watoto mwambie kwamba kuuza kile kiwanja ndo mchezo wenyewe, bila watu kuuziana hakuna anaekamilisha rangi.

*Mambo kaka. Sisi hapa kijiweni Makambako tunacheza ludo kwenye simu, mimi naona simu inanionea, naweza kukaa hata mara kumi sitoki. Ipo hiyo? – Dereva boda*

Poa sana. Hesabu yake ni hii, kutoka unahitaji sita, na kukosa sita mara kumi mfululizo inatokea kama mara 16 katika kila majaribio 100. Mkiwa wanne mnacheza jioni nzima kwenye baridi hiyo, lazima yampate mtu, na akipata sita hataikumbuka kesho ila ile kukosa ataisimulia wiki nzima. Sisi Tukuyu mvua ikishika siku tatu tulikuwa tunachora ludo nyuma ya kalenda, na baba mdogo akitaka sita anairusha dadu kwa nguvu mpaka uvunguni, akitaka moja anaiweka taratibu. Kumbe wapo wengi duniani, mwaka 1967 msomi James Henslin aliandika kuhusu madereva teksi wa mji wa St. Louis, Marekani, wanafanya hivyohivyo kwenye kamari yao ya dadu.

*Shikamoo. Nina miaka 19, naishi Kyela. Kuna mzee hapa jirani ananifunga bao kila siku, kila siku! Watu wanasema gemu za akili zinatoka Ulaya, mbona hii inanishinda? Nifanyeje? – Kijana wa Kyela*

Marahaba mwanangu. Hao wanaosema hivyo hawajakaa mbele ya ubao. Bao lina mashimo 32, kete 64, dadu hakuna, ukifungwa umefungwa kwa akili. Unaanza na kete 10 ubaoni, sita kwenye lile shimo linaloitwa nyumba, mbili na mbili pembeni, 22 mkononi, na hapo kwenye kunamua, yaani kuingiza kete za mkononi, ndo vijana wengi mnamalizwa kabla hata hamjafika mtaji, pale mkononi kunapokuwa hakuna kitu. Hapo mpakani kwenu hata ng'ambo Malawi wanalo, wanaliita bawo. Mholanzi Alexander de Voogt alikwenda kukaa na mafundi wa bao Zanzibar akaandika tasnifu yake ya udaktari, Leiden, mwaka 1995, kwa hiyo Ulaya walikuja kwetu kusoma.

Mzee wako hana akili ya ajabu. William Chase na Herbert Simon mwaka 1973 walimwonyesha bingwa wa chesi ubao kwa sekunde chache tu, akaweza kupanga upya kete nyingi kuliko mtu anaeanza. Kete zilipomwagwa ovyo bila mpango wowote, bingwa akawa karibu sawa na mtu anaeanza. Maana yake bingwa anakumbuka maumbo aliyoyaona mara elfu, hahesabu kete moja moja kama wewe. Na mzee nae ni hivyo, ukigusa tu shimo anajua mbegu zako zinaishia wapi, alishaliwa hapo miaka ya nyuma na yeye.

Kwa hiyo acha kukimbilia mechi ya pili ukifungwa. Mnunulie chai, muombe kwa heshima azirudishe kete kama zilivyokuwa kabla hujaliwa nyumba, akuonyeshe yeye angecheza shimo gani.