Wasomaji Wanauliza: Nikimwona Kasa, Nimfuate?

SWALI: Ndugu Mhariri, mwezi Agosti nitasafiri kwa meli ndogo ya watalii katika visiwa vya Galápagos, nchini Ekuado, na ratiba inaonyesha kwamba tutaogelea kwa mrija wa kupumulia karibu kila siku. Najua kuogelea kiasi, lakini nilipojaribu barakoa ya kuzamia bwawani iliingiza maji, nikashikwa na hofu, nikatoka. Je, nibaki melini wenzangu wakienda?

JIBU: Usibaki melini, ndugu yangu. Hofu yako ilianzia kwenye barakoa isiyokukaa vizuri usoni, na hilo hurekebishwa kabla ya safari. Ibandike usoni bila kuvaa mkanda, vuta pumzi kidogo kwa pua, kisha iachie: ikinata, inakufaa, ikianguka, tafuta nyingine, kwa sababu kukaza mkanda kunaukunja tu ukingo wa mpira na kuzidisha uvujaji. Angalia pia kwamba hakuna nywele zilizonaswa chini ya ukingo huo. Kabla ya kuingia majini tema mate ndani ya kioo, yasambaze kwa kidole na uisuuze upesi, ili kisifanye ukungu.

Kisha rudi bwawani, mahali ambapo maji yanakufika kifuani, ulale kifudifudi na kupumua polepole kwa mdomo, ukitoa pumzi ndefu kuliko ile unayovuta. Maji yakiingia mrijani, usikurupuke. Puliza mara moja kwa nguvu, kama mtu anayezima kibatari, nayo yataruka juu. Rudia zoezi hilo mpaka lisikushtue tena.

Jambo ambalo wengi hawalitarajii ni baridi. Galápagos ipo kwenye ikweta, lakini mwezi Agosti maji yake huwa baridi kwa sababu ya mkondo wa Humboldt unaotoka kusini na mkondo wa Cromwell unaopanda kutoka kilindini; ndiyo maana pengwini wanaishi huko. Baridi ya ghafla humkata mtu pumzi, naye akadhani ni woga. Vaa vazi la mpira la kuogelea, ambalo pia hukusaidia kuelea, na uombe jaketi la kuelea bila kuona haya. Ikiwa una maradhi ya moyo au ya kifua, mwone daktari kwanza. Na usiogelee bila mwenzi wa karibu, kwa kuwa mtu anayezidiwa majini aghalabu hapati nafasi ya kupiga kelele.

SWALI: Katika safari yangu ya mwaka jana nilimwona kasa akila nyasi za bahari, nikamfuata ili nimpige picha. Kiongozi wetu alinipigia filimbi na kuniita mbele ya watu wote. Sikumgusa kasa yule hata kidogo. Kosa langu lilikuwa nini?

JIBU: Naielewa fedheha uliyoipata, lakini kiongozi wako alikuwa na haki. Kasa anapumua kwa mapafu kama wewe. Akiwa amelala anaweza kukaa chini kwa saa kadhaa, ila akifukuzwa huitumia hewa yake upesi na hulazimika kupanda juu, mahali ambapo wewe uliyemtisha ndipo ulipo. Ulimwachisha mlo na ukamzibia njia ya pumzi, yote hayo bila kumgusa. Ukifikiri kwamba baada yako litakuja kundi lingine, na kesho mengine, utaona kwa nini masharti yamewekwa: Galápagos mgeni hukaa umbali wa mita 2 kutoka kwa mnyama, na huko Ningaloo, Australia, wanaoogelea na papa potwe, yule papa mkubwa mpole, hawazidi 10 kwa wakati mmoja, nao hukaa mita 3 kutoka mwilini mwake.

Lakini mimi sitaki uyashike masharti haya kwa kuogopa filimbi tu. Anayetulia huona mengi zaidi. Siku nyingine ukimwona kasa, tuliza mapezi yako ya kuogelea, uelee pembeni mwake, si juu yake wala mbele ya kichwa chake, kisha ngoja. Kwanza utasikia, maana chini ya maji kuna sauti: pono wakitafuna matumbawe, kru, kru, kama mtu anayevunja ganda. Halafu utamwona kasa akizungusha shingo kila anapokata nyasi, mchanga ukitimka kidogo puani mwake. Baada ya dakika kadhaa atainua kichwa, apande taratibu, atoe pua nje na kuvuta pumzi moja ya sauti, kisha ashuke tena kuendelea kula. Nimeshuhudia hayo nikiwa sijasogea hata kidogo, na hadi leo moyo wangu hufurahi nikiyakumbuka. Anayemfukuza kasa huambulia mgongo unaotokomea.

Simba bahari wachanga ni habari nyingine, kwa kuwa huja wenyewe wakikuzunguka na kupuliza mapovu. Wafurahie, lakini usinyooshe mkono. Na dume kubwa linalobweka likilinda ufuko wake, liachie njia. Mkunga, samaki mrefu kama nyoka, anayefunua na kufumba kinywa pangoni hakutishi. Ndivyo anavyopumua.

SWALI: Je, ni kweli kwamba mafuta ya kujikinga na jua yanaua matumbawe?

JIBU: Majaribio ya maabara yameonyesha kwamba kemikali ya oksibenzoni hudhuru matumbawe machanga, na kwa sababu hiyo Palau, nchi ya visiwa katika bahari ya Pasifiki, iliyapiga marufuku mafuta yenye kemikali hiyo kuanzia 2020, na Hawaii ikazuia kuyauza kuanzia 2021. Hata hivyo, adui mkubwa wa matumbawe ni joto la bahari, linaloyafanya yatoe mwani mdogo unaoyalisha na kubaki meupe. Kwa upande wako, vaa fulana ya kuogelea ya mikono mirefu na suruali ya kubana, kwa maana mgongo na nyuma ya magoti ndiko jua linakochoma zaidi anayeogelea kifudifudi. Mafuta yatabaki ya uso na shingo tu.