Nyuso zenye giza katika picha za michezo ya sekondari
Ndugu, umeuliza kwa nini nyuso za wanafunzi unaowapiga picha mchana uwanjani Nangwanda Sijaona hutoka na giza ilhali anga na jezi huonekana vyema. Jua la Mtwara saa sita hadi saa nane huwa karibu na utosi, hivyo kivuli cha paji la uso huangukia macho. Ukiweza, chagua mechi za saa kumi jioni, usimame jua likiwa mgongoni mwako. Viwanja vya shule vyenye mchanga mweupe vina nafuu, kwa sababu mchanga hurudisha mwanga usoni.

Kasi ya shata, yaani pazia la kamera linalofunguka kuingiza mwanga, isishuke chini ya 1/1000 ya sekunde. Jua likififia, pandisha ISO (kiwango cha kamera kuhisi mwanga) hata kufikia 3200, kwa kuwa chengachenga, yaani vidoadoa vinavyotokea ISO ikipanda, hupunguzwa wakati wa kuhariri, lakini ukungu wa mwendo hauondoki. Piga kwa RAW, yaani faili ghafi la kamera ambalo halijabanwa kuwa JPEG, kisha unapohariri uinue vivuli (uongeze mwanga sehemu zenye giza) kwa kiasi tu, maana ukizidisha, ngozi hugeuka kijivu, jambo ambalo kwa maoni yangu ni baya kuliko giza lenyewe. Flashi haifiki mbali, na huwasumbua wachezaji.