Njia imefunguka sentimita 2, nikaambiwa nirudi nyumbani

Shikamoo anti, mimba yangu ya kwanza ina wiki 38, juzi usiku uchungu ulinishika nikakimbilia hospitali, nesi akapima akasema njia sentimita 2 tu nirudi nyumbani, ndo nimefukuzwa?
Mama kijacho, Tanga

Marahaba mwanangu, hujafukuzwa. Hiyo ni hatua ya mwanzo, kwa mimba ya kwanza inaweza kuvuta hata siku nzima, we kula, tembea, pumzika. Uchungu wenyewe unakolea kuanzia sentimita 5, zikifika 10 ndo unasukuma, mtoto akishatoka kondo la nyuma nalo linatoka, mara nyingi ndani ya nusu saa, na utachomwa sindano ya kuzuia damu isimwagike nyingi. Ila chupa ya uzazi ikipasuka maji yakatoka, ukiona damu inatoka au mtoto amepunguza kucheza, jamani usisubiri uchungu, rudi hospitali hata iwe saa nane usiku.