Kijana wa Mombasa, pima presha kisha uitazame chumvi ya jioni

Kama uko kwenye miaka ya ishirini au thelathini na hujawahi kufungwa ule mkanda wa presha mkononi, nakuomba wiki hii uingie kemisti yoyote iliyo njiani mwako ukapimwe. Mimi nilipimwa kwa sababu kazi niliyoomba ilitaka cheti cha daktari. Nilikuwa nacheza mpira, napanda ngazi bila kuhema, kichwa hakiumi. Mashine ikasoma 138 kwa 88. Muuguzi akaniambia nitulie kidogo, akarudia, ikabaki pale pale.

Presha haibishi hodi. Unaweza kuishi nayo miaka ukiwa mzima kabisa machoni pa watu, huku moyo, figo na mishipa ya ubongo vinaumia polepole. Utafiti wa kitaifa wa mwaka 2015 ulionyesha kuwa karibu mtu mzima mmoja kati ya wanne nchini Kenya ana presha ya juu, na zaidi ya nusu ya watu wazima walikuwa hawajapimwa hata mara moja. Ndiyo maana nakereka sana nikisikia vijana wenzangu wakisema presha ni ya wazee.

Namba ya kawaida ni chini ya 120 kwa 80. Ikifika 140 kwa 90 au zaidi, na ikarudi hivyo siku tofauti, hiyo ndiyo presha ya juu. Mimi nilikuwa katikati, na daktari hakunipa dawa. Aliniuliza nakula nini, hasa kuanzia alasiri mpaka usiku. Swali hilo ndilo lililonifumbua macho, maana mchana nilikuwa nakula vizuri tu.

Fikiria jioni yetu ya kawaida. Unatoka kazini, unapita kwa mama wa viazi karai, unatiliwa na ukwaju. Mbele kidogo mishkaki imeshakolea chumvi tangu asubuhi. Ukienda kupunga upepo Mama Ngina, kuna kachri za mihogo zilizonyunyiziwa chumvi na pilipili, na embe bichi lililopakwa hivyo hivyo. Ukirudi nyumbani chakula cha usiku kinakungoja, nacho kina chumvi yake. Hakuna hata mahali pamoja hapo ulipokamata kichupa cha chumvi ukajitilia mwenyewe.

Shirika la Afya Duniani linashauri mtu mzima asipitishe gramu 5 za chumvi kwa siku, kama kijiko kimoja cha chai, na hesabu hiyo inajumlisha iliyo kwenye mkate, kwenye achari, kwenye kila kitu. Wastani wa dunia ni zaidi ya mara mbili ya kiasi hicho. Kinacholeta shida ndani ya chumvi ni sodiamu. Ikizidi, mwili unazuia maji ili kuisawazisha, damu inaongezeka ujazo, moyo unasukuma kwa nguvu zaidi, na miaka ikienda kuta za mishipa zinakakamaa. Pakiti za dukani huandika sodiamu wala si chumvi, kwa hivyo zidisha mara mbili na nusu: miligramu 800 za sodiamu ni gramu 2 za chumvi.

Kachri za barabarani hazina maandishi, lakini zina kitu bora zaidi: mwenye karai yuko mbele yako. Kwa kawaida chumvi hutiwa baada ya kuepua, wakati kachri zinatingishwa kwenye beseni. Ukimwahi kabla hajatia, mwambie, "Dada, zangu nifungie bila chumvi, tia pilipili na ndimu." Hakuna aliyewahi kunikatalia. Mama ninayenunua kwake siku hizi akiniona tu ananitengea.

Nyumbani ndiko kugumu, kwa sababu chumvi ya nyumbani ni ya watu wote. Kwetu tatizo kubwa lilikuwa vidonge vya mchuzi. Kidonge chenyewe kina chumvi nyingi, kisha mpishi anatia chumvi juu yake kwa mazoea. Nilikaa na mama jikoni nikamwonyesha maandishi ya pakiti. Akayasoma, akanyamaza, akasema, "Basi mwanangu, tuache kimoja: ama kidonge, ama chumvi." Tukaacha kidonge. Kitunguu saumu, tangawizi, bizari na ndimu ya mwisho mwisho vinaufanya mchuzi ukolee. Wali wa nazi nao tukaanza kuupika bila chumvi, maana tui lina ladha yake na mchuzi unaomwagiwa juu unatosha. Wiki za kwanza baba alilalamika kuwa chakula ni chapwa. Ulimi huzoea baada ya wiki kadhaa, na sasa yeye ndiye anayesema vyakula vya harusini vimezidi chumvi.

Papa mkavu sikumwacha, nampenda. Tunamroweka usiku kucha, tunamwaga maji, tunamchemsha mara moja na kumwaga tena ndipo aingie kwenye tui. Bado ana chumvi, kwa hivyo siku hiyo hakuna kingine cha chumvi mezani.

Watu wananiambia Mombasa kuna joto, tunatoka jasho, tunahitaji chumvi zaidi. Kwa wengi wetu chakula cha kawaida kinarudisha kilichotoka na kuzidi. Wengine wananishauri ninunue chumvi ya bahari ya bei ghali, ya waridi au ya mawe. Chumvi yetu ya dukani yenyewe nyingi inatoka baharini, kwenye mashamba ya chumvi ya Gongoni na Marereni, na sodiamu ni ile ile. Nunua ya kawaida yenye madini ya joto, utie kidogo.

Upande wa pili wa mizani ni potasiamu, ambayo husaidia mwili kutoa sodiamu. Iko kwenye mchicha, maharagwe, mbaazi, ndizi, viazi vitamu na dafu. Hapa pwani hatuna udhuru, vyote viko sokoni. Mwezi wa Ramadhani jaribu kula daku isiyo na chumvi nyingi uone kiu ya mchana inavyopungua. Lakini mwenye ugonjwa wa figo asijiongezee potasiamu, wala asinunue zile chumvi mbadala zilizotiwa potasiamu, kabla ya kuuliza daktari.

Ukienda kupima, usiwe umetoka kunywa kahawa au kuvuta sigara ndani ya nusu saa. Kaa dakika tano kimya, mgongo umeegemea, miguu chini, mkono usawa wa moyo, na upimwe mara mbili. Mwambie anayekupima kila unachotumia: miraa au muguka, vinywaji vya kuongeza nguvu, vidonge vya uzazi wa mpango, dawa za maumivu kama diklofenaki. Vyote hivyo vinaweza kupandisha presha, na vijana wengi huvificha. Kama unatumia dawa ya presha tayari, usiiache kwa sababu umepunguza chumvi. Na kama hujafika thelathini, na namba zinarudi juu kila mara, omba mkojo na damu vipimwe ili figo ziangaliwe, kwa sababu kwa umri wetu presha mara nyingine huwa na chanzo chake kinachotibika. Ukiambiwa wewe bado mdogo rudi nyumbani, tafuta daktari mwingine.