Ukitaka mabango ya filamu bubu za kauboi, soma karatasi kabla ya kusoma jina

Watu wakijua kwamba nakusanya mabango ya filamu za kauboi za enzi ya sinema bubu, wanauliza bei kwanza. Basi tuanze na bei. Bango kubwa la nyota wa filamu hizo kama Tom Mix au William S. Hart, sura yake ikionekana vizuri na rangi zikiwa bado zimekolea, si la mtu anayeishi kwa mshahara. Hapa Marekani hugombewa mnadani na wenye fedha zao. Na bei inayotangazwa nyundo ikigonga siyo unayolipa: juu yake kuna ada ya mnunuzi, ambayo mara nyingi ni asilimia 20 au zaidi, kisha usafirishaji.

Ila yapo makaratasi madogo ya miaka ileile ambayo mtu wa kawaida anayamudu. Sinema zilikuwa zikiletewa kadi za inchi 11 kwa 14, aghalabu nane kwa seti, za kuwekwa mlangoni ili wapita njia waone matukio ya filamu. Kadi yenye jina la filamu na zile zenye uso wa nyota ndizo ghali. Ile inayoonyesha gari la farasi na wanakijiji wamesimama tu, hakuna anayeipigania. Mimi huipenda hiyohiyo. Viko pia vipeperushi walivyogawiwa watu mitaani, na vioo vidogo vya inchi 3¼ kwa 4 vilivyomulikwa kwenye pazia kutangaza filamu ijayo. Vioo ni vizuri mno, lakini mwombe muuzaji avifunge kwa makini, hupasuka njiani.

Sasa kuhusu bandia, maana hapa ndipo pesa za watu hupotelea. Filamu zilizotolewa Marekani kabla ya 1930 hazina tena hakimiliki hapa, kwa hiyo kuchapa nakala ya bango lake si kosa. Kosa ni kuiuza kama ya asili, na wauzaji wengine hukwepa kwa kukaa kimya tu, wakakuacha ujidanganye mwenyewe.

Chukua futi kwanza. Bango la kawaida la enzi hizo lilikuwa inchi 27 kwa 41. Ukikuta 24 kwa 36, hilo ni la dukani. 27 kwa 40 ni kipimo cha mabango ya miaka ya karibuni. Hata hivyo yapo ya kweli yaliyopunguzwa kingo, hivyo kipimo peke yake hakitoi hukumu. Tazama mikunjo: mabango yalitumwa kwenye majumba ya sinema yakiwa yamekunjwa, na alama zake hubaki. Bango la 1920 lisilo na mkunjo hata mmoja linanipa wasiwasi kuliko lililochakaa. Angalia pia sehemu ya chini. Kuanzia 1940 kampuni ya National Screen Service ilianza kusambaza mabango yenye namba zake, kwa hiyo ukiona namba hizo, bango si la enzi ya bubu hata kama filamu ni ya enzi hiyo. Filamu za zamani zilirudishwa sinema na kuchapiwa matangazo mapya. Tumbleweeds ya Hart ya 1925 ilirudi 1939, safari hii mzee mwenyewe akizungumza mwanzoni.

Kisha kioo cha kukuzia. Mabango mengi mazuri ya wakati ule yalichapwa kwa picha iliyochorwa juu ya jiwe, na wino wake ukiukuza unaonekana kama chaki iliyopitishwa kwenye ukuta wa lipu. Nakala ya leo huonyesha vidoti vilivyopangika. Taa ndogo ya mwanga wa urujuanimno (UV) nayo husaidia sana: karatasi ya kisasa hung'aa rangi ya samawati-nyeupe gizani kwa sababu ya kemikali za kuing'arisha, ambazo karatasi ya 1920 haikuwa nazo. Jina la mchapishaji pembeni, kama Morgan au Otis wa Cleveland, ni dalili nzuri, ila linaweza kunakiliwa pamoja na picha yote.

Mengi utayakuta yamebandikwa kitambaa nyuma. Hilo si tatizo kama limefanywa na fundi: karatasi ya Kijapani katikati, gundi ya wanga wa ngano, kazi inayoweza kubanduliwa kwa maji. Omba picha za kabla ya ukarabati, uone ni kiasi gani cha uso wa huyo kauboi kimepakwa upya. Selotepu usiitumie kabisa. Na kwa ndugu zangu wa Dar na Mombasa, unyevu wa pwani na mchwa ni adui wakubwa kuliko jua, ingawa jua nalo halina huruma.

Kuna sababu nyingine inayonifanya nipende vipande visivyo na jina. Utafiti wa Maktaba ya Bunge la Marekani wa 2013 ulionyesha kwamba karibu asilimia 70 ya filamu ndefu bubu za nchi hiyo zimepotea kabisa. Mwongozaji John Ford na mwigizaji Harry Carey walitengeneza nyingi za kauboi pale kampuni ya Universal, na nyingi hazipo tena. Straight Shooting ya 1917 ilidhaniwa imepotea hadi nakala ilipopatikana Prague katika miaka ya 1960. Kadi moja iliyofifia inaweza kuwa miongoni mwa picha chache zilizobaki za filamu nzima.

Ningekuwa naanza leo, ningewaacha matajiri wagombee Tom Mix, nami nikatafuta kadi za waigizaji wengine: Buck Jones wa kampuni ya Fox, Hoot Gibson wa Universal, na hasa Fred Thomson na farasi wake Silver King. Thomson alipendwa sana siku zake, akafariki 1928, na filamu zake nyingi zimepotea. Wanunuzi wengi wa leo hawamjui, na bei zake zinaonyesha hivyo.