Usilipe kabla kila mtoto hajasaini kurasa zake kwenye karatasi

Usilipe hiyo hela Ijumaa. Mengine baadae.

Umesema kikundi chenu cha kujitolea kinataka kuchapa kitabu cha hadithi walizoandika watoto, na umeuliza vitu vinne: wapi pa kuchapa Dar kwa bei ya kueleweka, ISBN (ile namba ya kukitambulisha kitabu) inapatikanaje, jalada atengeneze nani, na nakala mgawane vipi na watoto. Sawa, maswali mazuri. Ila katikati ya bandiko umepenyeza sentensi moja kama vile haina uzito, kwamba watoto sa hizi wako likizo, kurasa zishapangwa, jamaa wa machapa anawapa punguzo mkimlipa yote kufikia Ijumaa, na watoto watakiona kitabu siku ya uzinduzi "iwe sapraizi". Sapraizi! Dada yangu, mwandishi hafanyiwi sapraizi ya kitabu chake mwenyewe. Ni kama fundi akushonee gauni la harusi bila kukupima, alafu akuletee ukumbini bibi harusi ushafika.

Mi hii nimeila. Tulikuwa kikundi cha kujitolea kama nyie, walimu wawili, vijana wa kompyuta, na mimi niliyewahi kuhariri gazeti la ukutani chuoni nikajiona mhariri mkuu wa taifa. Watoto ni wa kidato cha pili mpaka cha nne, hadithi fupi na mashairi kidogo. Na tulihariri vizuri, nisijikandie sana. Kila hadithi ilisomwa na watu wawili, mtoto akakalishwa chini akaulizwa hapa ulitaka kusema nini, akaandika upya, wengine wakalia wakarudia tena. Kwa hiyo usidhani tulikuwa wavivu. Kilichotuua kilitokea baada ya kazi kuisha, pale ambapo kila mtu ashapumua na hamna anayefungua faili tena.

Usiku wa kuamkia kupeleka faili, kijana aliyekuwa anatupangia kurasa (anajitolea vilevile, sina ugomvi naye mpaka leo) akaona mahali mtoto mmoja ameandika "apo zamani". H imeliwa. Si unajua watoto wetu wanavyochapa kwenye simu, apo, uyo, alafu, na mi mwenyewe hapo juu nishaandika alafu kwa hiyo tusihukumiane. Yule kijana kwa moyo mweupe kabisa akaingia Word, akafungua ile ya kutafuta na kubadilisha, akaandika palipo na apo paandikwe hapo, akabonyeza badilisha zote. Kile kiboksi cha kuiambia itafute neno zima peke yake hakukigusa. Kompyuta ikamjibu imebadilisha mamia ya sehemu, yeye akafurahi, akasema kumbe hawa watoto walikuwa wamekosea namna hii.

Sasa kaa ufikirie Kiswahili kina apo ngapi ndani yake. Anapofika ikawa anhapofika. Ninapolala ikawa ninhapolala. Wapo ikawa whapo, japo ikawa jhapo, kiapo kikawa kihapo. Zile hapo zilizokuwa sahihi tangu zamani zikaongezewa h ya pili. Papo hapo ikawa phapo hhapo, na kwenye kundi letu la WhatsApp mpaka leo mtu akichelewa kikao anaandikiwa njoo phapo hhapo. Na kulikuwa na kijana mmoja anaitwa Apolinari. Malizia mwenyewe.

Utauliza kwani hamkuona. Mistari myekundu ya Word ingewaonesha. Mistari myekundu gani? Ile laptopu ilikuwa imewekwa lugha ya Kiingereza, kwa hiyo kitabu kizima kilikuwa chekundu toka ukurasa wa kwanza mpaka wa mwisho, mama ni jekundu, chakula ni jekundu, tukaizima kabisa ile kitu isituumize macho. Na ukishazima, neno la uongo na neno la kweli yanafanana. Tena angalia na hili, zile h mamia zikaongeza urefu wa mistari, mistari ikasukuma aya, aya zikasukuma kurasa, na yaliyomo tulikuwa tumeyaandika kwa mkono jana yake. Hadithi iliyosemwa iko ukurasa wa 61 ukifungua unakuta iko 62. Hilo tu lingetustua kama kungekuwa na binadamu mmoja aliyeshika kitabu mkononi.

Na hapa ndo nimfikie huyo jamaa wa machapa, kwa sababu nahisi wako na wangu wamesoma shule moja. Wangu hata mashine hakuwa nayo, alikuwa mtu wa kati tu, ana kadi nzuri, ana viatu vilivyochongoka, anaongea kama ofisi nzima iko nyuma yake. Nikamwambia kabla hujapiga kazi tutolee nakala moja tuiangalie. Akacheka. Akaniambia bosi, prufu ni mambo ya enzi za herufi za risasi, sa hizi ni PDF, na PDF haibadiliki, unachokiona kwenye skrini ndo kitakachotoka. Na wallahi hakudanganya! Haikubadilika hata kidogo. Ilitunza kila h kwa uaminifu mkubwa. Kisha akanitolea ile nyingine, mashine ina foleni, mkichelewa kulipa bei ya karatasi inapanda. Wanajua kabisa kuwa anayejitolea ni mtu wa huruma na wa haraka, hela sio yake, ni ya michango, anaogopa ikikaa kwake watu waseme ameila. Kwa hiyo ukitajiwa punguzo lenye tarehe unalipa ili ulale usingizi.

Kulikuwa na mwingine pia, mshauri wetu, anajitambulisha kuwa ameshatoa vitabu kadhaa. Huyu ndo alitumaliza. Alisema msiwarudishie watoto kurasa mwishoni, wataanza kubadilisha badilisha hamtamaliza, mtoto anaandika, mtu mzima anachapisha. Tukatingisha vichwa. Lilivyokaa kama methali tukaona basi ni la kweli. Siku ya uzinduzi alikaa meza kuu, na yaliyotokea yalipotokea alikuwa wa kwanza kuuliza hivi nani alihariri hiki kitabu.

Nakala 500. Maboksi yalifika asubuhi ya siku yenyewe, tukayafunga utepe, eti mgeni rasmi ndo akate. Akakata. Watu wakapiga makofi, vitabu vikagawiwa, jalada linang'aa, harufu ya wino mpya, mi nikachukua sahani yangu ya sambusa nikasimama nyuma najisikia mtu. Akaitwa binti wa kidato cha pili asome mwanzo wa hadithi yake, inahusu mama yake akiwa amelazwa na yeye anampelekea uji wodini. Akafungua, akaanza. "Mama anh..." Akasimama. Akarudia, "Mama ana..." Ukumbi ukacheka, cheko la kirafiki tu, walidhani ni aibu ya maiki. Akakisogeza kitabu karibu na macho, akakiangalia, kisha akasema kwenye maiki, samahani, nimekosea kuandika.

Hakukosea. Daftari lake nilikuwa nalo mimi kwenye begi, ameandika anapolala, kwa peni ya bluu, safi kabisa. Ila amekikuta kwenye kitabu cha chapa kimeandikwa hivyo, na mtoto akishindana na kitabu anaamini kitabu. Sambusa ile sijui niliiweka wapi.

Kilichofuata ni hesabu, na hesabu zake ni mbaya. Nilidhani tutarekebisha kurasa chache tuzibadilishe. Haifanyiki hivyo. Kwenye mashine kubwa za ofseti kurasa hazichapwi moja moja, zinapangwa nane au 16 kwenye pleti moja, yaani bamba la kuchapia, karatasi kubwa inapita, kisha inakunjwa na kukatwa ndo inakuwa kitabu. Ukikosea herufi moja unachoma pleti upya kwa kurasa zote zilizoko pale na kupiga upya karatasi zote. Sasa h zetu zilikuwa kila ukurasa, yaani kila pleti. Na vitabu vishabandikwa gundi mgongoni, huchomoi ukurasa ukaingiza mwingine kikabaki kitabu. Mtu mmoja akapendekeza tuweke kikaratasi cha masahihisho ndani. Tulikaa tukaanza kukiandaa, kikawa kirefu kuliko baadhi ya hadithi. Jamaa wa machapa tulipompigia akatuambia faili ni lenu, mimi nilichapa mlichonipa. Na akawa yuko sahihi, ndo kinachoniuma zaidi, kwa sababu hatukuwa na karatasi yoyote ya kumuonesha kwamba tuliomba nakala ya kuangalia akakataa. Yalikuwa maneno tu ya mdomoni. Tulichanga upya mifukoni, tukachapa chache kwa mashine ya dijitali ili kila mtoto apate chake cha kweli. Hela ya wafadhili ilikaa kwenye maboksi stoo kwa mwalimu.

Kwa hiyo nachokuomba ni kitu kimoja tu na wala sitaki unishukuru. Faili halipelekwi, hela hailipwi, mpaka kila mtoto ameshika karatasi ya kurasa zake vilevile zitakavyotoka, amezisoma, na amesaini kwa peni chini ya kila ukurasa. Karatasi. Sio skrini ya simu, sio umemtumia akakujibu kidole gumba. Na asome kwa sauti, mwenzake ameshika andiko la asili anafuatilia. Kwa sauti kwa sababu macho yana huruma, yanasahihisha yenyewe, ila Kiswahili tunakisoma kama kilivyoandikwa, ulimi ukifika kwenye anhapofika unagoma wenyewe. Binti yule aligundua kwa sekunde mbili kitu ambacho watu wazima sita tuliokuwa na laptopu hatukukiona.

Na wakishasaini, faili linabaki kwa mtu mmoja. Mmoja. Anayetaka kugusa chochote baada ya hapo, hata mkato, hata nafasi, ukurasa ule unachapwa tena na unarudi kwa mtoto kusainiwa upya. Najua inaonekana usumbufu. Mpangaji kurasa atakwambia ni kitu kidogo tu narekebisha fasta. Hicho kitu kidogo ndo nimekuhadithia hapa toka juu.

Alafu kabla ya mashine kubwa kuwaka, omba nakala moja kamili iliyobandikwa gundi, saizi ileile, hata itoke kwenye mashine ya dijitali. Mlinganishe na kurasa zilizosainiwa, neno la kwanza na la mwisho la kila ukurasa, na yaliyomo namba kwa namba. Akikataa kukutolea au akikuletea habari za PDF haibadiliki, beba fleshi yako uondoke. Na sharti hilo liandikwe kwenye ankara kabla hujatoa hata shilingi, kwamba kazi haianzi mpaka nakala ya kuangalia isainiwe.

Najua utasema wako likizo. Mmoja Tanga, mwingine Songea, sawa. Mtumie mzazi kwa WhatsApp, aende steshenari ya karibu azitoe, mtoto asome, asaini, azipige picha azirudishe, au azitume kwa basi. Kurasa tano sita haziwezi kumshinda. Asiyepatikana hadithi yake isubiri apatikane, na uzinduzi nao usubiri, ukumbi haujawahi kufa kwa kuahirishwa. Na ukiwa unaongea na huyo mzazi mpe na fomu ya ridhaa asaini, mtoto wa chini ya miaka 18 hawezi kufunga nanyi mkataba peke yake, na hadithi ni mali ya mtoto, sio ya kikundi eti kwa sababu mlinunua karatasi.

Kuna faida nyingine ya kusaini ambayo hatukuitegemea. Kwenye kitabu chetu cha pili, mtoto mmoja wa Pemba alikataa kusaini. Bibi kwenye hadithi yake alikuwa anasema "weye", mhariri mmoja (sio mimi, naapa) alikuwa amenyoosha kila mahali ikawa "wewe". Mtoto akasema bibi yangu haongei kama redio. Tukarudisha. Bila karatasi na peni asingejua wala sisi tusingejua, na ule mhemko wa kunyoosha kila kitu mnao na nyie, nimeuona kwenye kipande ulichobandika, mtoto wa uswahilini hawezi kusema "naomba radhi kwa usumbufu uliojitokeza" kwa mdogo wake.

ISBN ni Bodi ya Huduma za Maktaba, pale Maktaba Kuu barabara ya Bibi Titi. Usimlipe mtu wa machapa akuuzie namba, wengine wanakupachikia ya kitabu kingine. Omba mapema, namba ikae kwenye ukurasa wa hakimiliki na nyuma ya jalada kabla hujatoa ile nakala ya kuangalia. Na hizo tarakimu 13 nazo mtafutie mtoto mmoja azisome moja moja kwa sauti, mwingine ameshika barua ya maktaba, kisha asaini.